Somo Likihamia Nyumbani



Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Woodland Park huko Marekani, walimu wawili wa kemia, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, waliona wanafunzi wao wengi wanakosa vipindi kwa ajili ya safari za michezo. Wakaanza kurekodi masomo yao. Baadaye wakaligeuza darasa lenyewe: mtoto asikilize somo nyumbani, na mazoezi ayafanye shuleni, mwalimu akiwapo kumsaidia. Sisi nasi tulionja kidogo masomo ya nyumbani mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yakaja kwa redio na televisheni.

Je, mpango huu wafaa kila mtoto? Tuseme nyumba moja ya Tegeta ina watoto watatu na simu moja, nayo iko na mama sokoni mpaka jioni.

Wa kwanza hushika upesi. Kusikia mara moja kwamtosha. Shuleni ahitaji swali gumu zaidi, si kuwangoja wenzake.

Wa pili ni mzito. Huyu ndiye afaidiye sana, maana somo lililorekodiwa halichoki wala halikaripii. Lakini lazima apate muda wa kulirudia.

Wa tatu ni binti, ameingia kidato cha kwanza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sasa masomo ni kwa Kiingereza. Kurudia mara kumi hakumfai kitu kama maneno yenyewe hayajui. Kwanza aelezwe maneno hayo. Tena ndiye achotaye maji na kupika. Usiku analala na daftari mkononi. Kesho wenzake wanafanya mazoezi, yeye hajui hata wanazungumza nini. Huyo si mvivu. Sisi ndio tuliomnyima saa yake.

Basi, ninyi wa vijijini msiseme, "Hayo ni ya wenye simu." Mwalimu aweza kuwapa watoto ukurasa mmoja wa kitabu wausome kabla ya kipindi. Kazi yenu ni hii: gawanyeni kazi za nyumbani sawasawa, wavulana kwa wasichana. Mpeni kila mtoto saa moja na taa. Kisha mwambieni, "Haya, nieleze ulichosoma." Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kusikiliza. Mtoto akikwama, aandike swali lake, alipeleke kwa mwalimu asubuhi.