Runinga Ndiyo Inayokata, Kompyuta Ndiyo Inayolaumiwa

Nimekuwa kimya kwa muda, safari zilinibana. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa Sangailu, kaunti ya Garissa, upande ule unaoelekea mpaka wa Somalia. Huko nina mpwa wangu, kijana anayechapa barua na kujaza fomu za watu kwa kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Monita yake ilikufa. Kwa kuwa nyumbani kulikuwa na runinga ya inchi 32, akatafuta kebo ya HDMI, akachomeka, picha ikatokea. Akili nzuri kabisa! Lakini picha ilikuwa imekatwa pande zote nne. Mstari wa chini ulibaki nusu, saa haisomeki, alama ya X ya kufungia dirisha imefichika, na ule upau wa kusogezea ukurasa umepotelea kulia. Akampigia fundi simu. Fundi, bila hata kuiona, akasema kadi ya picha imekufa, kompyuta ipakiwe kwenye gari iletwe mjini.

"Abti," akaniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo), "nimeshaifunga kwenye katoni."

Tukaitoa kwenye katoni. Nikachukua rimoti. Dakika mbili, kazi imekwisha. Kompyuta yenyewe sikuigusa.

Sasa ndugu msomaji, hebu jiulize: kwa nini runinga mpya, ya kidijitali, inakata picha iliyoletewa ikiwa kamili?

Jibu liko kwenye runinga za zamani, zile zenye mgongo mkubwa. Ndani yake kulikuwa na tyubu ya kioo, na picha ilichorwa na miale ya elektroni. Umeme ukipanda au ukishuka, picha nayo ilivimba au kusinyaa. Ili mtazamaji asione ukingo mweusi, watengenezaji waliikuza picha kidogo ipite nje ya kioo. Vituo vya utangazaji vililijua hilo, vikawa haviweki maandishi karibu na kingo. Jambo hili huitwa ovaskani, na kwa wakati wake lilikuwa na akili.

Lakini skrini ya leo haina tyubu. Ina pikseli zilizopangwa, kila moja mahali pake, umeme upande au ushuke. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya runinga ya analogi. Watu walilazimika kununua ving'amuzi ama runinga mpya, wakaambiwa zama za analogi zimekwisha. Wananchi wamehama, lakini runinga zenyewe bado zinatoka kiwandani na tabia ya tyubu!

Tufanye hesabu. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Runinga ikikata asilimia 2.5 tu kila upande, unabaki na 1824 kwa 1026, yaani 1,871,424. Zaidi ya pikseli 200,000 zimetupwa, karibu sehemu moja ya kumi ya picha. Chini peke yake zinapotea pikseli 27, na mstari wa chini wa Windows 10 una urefu wa pikseli 40. Kisha runinga huchukua kilichobaki na kukivuta kijaze kioo, ndiyo maana herufi huonekana kama zimelowa maji.

Najua kuna atakayetetea: baadhi ya matangazo ya zamani yana uchafu kwenye kingo, bora yakatwe. Sawa, nakubali. Basi ikate kwenye antena! Kwa nini ikate kwenye tundu la HDMI? Kebo ile haipitishi picha peke yake. Hupitisha pia ujumbe mfupi unaoweza kuiambia runinga kama picha ikatwe au isikatwe, na tangu toleo la 1.4 la mwaka 2009 unaweza hata kusema kwamba kinachokuja ni picha za kompyuta na siyo filamu. Njia ya kuelewana ipo. Kinachokosekana ni runinga kusikiliza.

Na dawa wanaificha! Kwenye runinga nyingi za LG inaitwa "Just Scan". Samsung wanaiita "Screen Fit", Sony "Full Pixel". Jambo ni moja, majina matatu, na yote yamezikwa ndani ya menyu ya ukubwa wa picha. Kijana wa Sangailu angejuaje kwamba "Just Scan" maana yake ni "usinikatie picha"?

Kwa hiyo, kabla hujafunga katoni, fuata mpangilio huu. Kwanza runinga, halafu kompyuta. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha kila pikseli. Kama runinga inakuruhusu kuliita tundu la HDMI "PC", liite hivyo. Kwenye runinga nyingi herufi za rangi hutulia papo hapo. Punguza ukali wa picha mpaka herufi ziache kuwa na kivuli. Ukiikuta katika hali ya dukani, ihamishe kwenye hali ya nyumbani, kisha shusha mwanga. Mwanga wa dukani ni wa kuvutia wateja, na kama unatumia sola, betri yako ndiyo inayoulipia.

Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya skrini ya kompyuta, uchague idadi ya pikseli inayolingana na kioo. Runinga nyingi za inchi 32 zina 1366 kwa 768, lakini kompyuta huweza kukupa 1360 badala yake. Usishtuke, tofauti ni pikseli sita tu.

Kuna wanaoanzia kwenye kompyuta, wanaibana picha iwe ndogo ili runinga ikiikuza ienee. Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa. Picha inabanwa mara moja, inavutwa mara ya pili, na macho yako ndiyo yanayoumia.

Nisiwaseme wengine nikajisahau. Sisi waandika programu tunapenda kubandika vitu muhimu kwenye kingo za skrini, kwa kuwa mezani kwetu kuna monita nzuri. Tangu nirudi, programu zangu nazijaribu kwenye runinga inayokata. Mnaotengeneza programu, fanyeni hivyo hivyo.

Nanyi mafundi, tafadhali, ulizeni swali moja kabla ya kuitisha kompyuta mjini: "Umeshika rimoti?" Katoni ile ingesafiri kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha hukatika, ikapate matibabu ya ugonjwa usiokuwa nao. Na siku zote hizo kijana asingechapa hata barua moja.

Haya, nimemaliza. Nenda kaangalie kingo za runinga yako, kisha uniambie umekuta nini.