Mbuzi Wanapotupa Mimba Sepuka

Mbuzi mmoja akitupa mimba Sepuka, mkoani Singida, hakuna anayeshtuka. Huenda kapigwa pembe zizini, au kala jani baya. Wakitupa kumi ndani ya wiki moja, tena baada ya mvua iliyogeuza mbuga kuwa ziwa, hilo ni jambo jingine, na wa kwanza kuliona si daktari wa Singida mjini. Ni mtoto anayechunga.

Homa ya Bonde la Ufa huanza hivyo. Virusi vyake vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye shamba la kondoo karibu na Naivasha, Kenya, na tangu hapo vina tabia moja ya kuudhi: hupotea mpaka watu wasahau. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo wa madimbwi, na mayai yenye virusi huweza kukaa makavu miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Kwa hiyo ukame wa Singida, ambao wengi huuona kuwa kinga dhidi ya magonjwa ya mbu, hauwaondolei wafugaji hatari hii.

Mwishoni mwa 2006 mvua za El Nino zilimwagika. Wanasayansi waliokuwa wakifuatilia picha za setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa kabla ya wagonjwa kuanza kuonekana. Ugonjwa ulilipuka Garissa, Kenya, Januari 2007 ukaonekana Ngorongoro, na baada ya miezi michache mikoa kumi ya Tanzania ilikuwa imeguswa, Singida ikiwamo. Majirani wa Singida, watu wa Dodoma, ndio walioumia zaidi. Nchi nzima iliandikisha wagonjwa zaidi ya 300 na vifo zaidi ya 140. Hao ni waliozidiwa. Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya siku chache wakadhani ni malaria, wakapona. Ng'ombe wapatao 17,000 walikufa, na mbuzi zaidi ya 20,000.

Mbu si njia pekee. Mfugaji akiona kondoo anahema vibaya, huwahi kisu ili asife akawa kibudu. Hasara inaokolewa kidogo, nyama inagawanywa, na aliyechinja anabaki na damu mpaka kwenye viwiko. Damu hiyo ndiyo inayoambukiza kwa wepesi, sawa na kondo la nyuma linalovutwa kwa mikono mitupu na kutupiwa mbwa. Kumwambia mtu maskini aache mnyama wake afe hivi hivi ni rahisi kwa aliye ofisini.

Karibu miaka ishirini imepita tangu mlipuko ule. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ana mbuzi wake mwenyewe na hajawahi kuuona ugonjwa huu. Mbuzi wake nao hawaujui: wale walionusurika 2007 wakiwa na kinga mwilini walikwisha kuliwa zamani, kwenye harusi na misiba. Wakati huohuo virusi havikulala kwingineko; mwaka 2025 viliua watu Senegal na Mauritania.

Tanzania haikukaa bure. Lipo Dawati la Afya Moja, linalounganisha afya ya watu na ya wanyama, katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na watafiti wa SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza iliyo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walitengeneza AfyaData, programu ya simu inayomwezesha mwanakijiji kutoa taarifa za ugonjwa. Kasoro ni kwamba fedha bado hufuata maiti ya binadamu. Chanjo ya mifugo inatakiwa kutolewa miaka ya ukame, wakati ambapo hakuna mwanasiasa atakayepigiwa makofi kwa ajili yake. Redio ikishatangaza vifo, muda umepita: baadhi ya chanjo zenyewe huweza kumfanya mnyama mwenye mimba atupe, na sindano moja ikizungushwa zizi zima katikati ya mlipuko inasambaza virusi badala ya kuvizuia.

Kuna kikwazo kingine kisichozungumzwa kwenye semina. Taarifa ikifika kwa bwana mifugo, karantini inafuata na mnada unafungwa. Aliyesema ukweli amekwama na mifugo yake. Aliyenyamaza alikwisha kuuza wiki iliyopita, na wanyama wake wako kwenye lori. Programu ya simu hailitibu hilo. Mfugaji anayetaka kupiga simu kwamba mbuzi wanane wametupa anahitaji kujua mapema, kwa maandishi na kwa kiasi cha shilingi, nani atamfidia mnada utakapofungwa.