Afrika Kusini bila viza: Cheti cha homa ya manjano bado ni sharti

Tangu Januari 1, 2023, Mkenya huingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza, kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Nafuu hiyo imeiweka Cape Town karibu zaidi na familia zinazopanga likizo ya Desemba, ambayo huko ni kiangazi. Agosti ni baridi na mvua.

Hata hivyo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano bado kinadaiwa, nacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano ya kwanza. Anayechanjwa mkesha wa safari anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, tiketi ikiwa imekwisha kulipwa.

Kupanda Table Mountain peke yako pia si busara: waporaji wamewahi kuwavamia wapandaji, na ukungu hushuka ghafla.