Suruali na Utamaduni Wetu

Wapo ndugu zetu, na baadhi yao ni walimu, wasiochoka kutuambia kwamba mwanamke avaaye suruali ameutupa utamaduni wa Mwafrika na kushika wa Mzungu. Sisi twasema madai hayo hayana msingi.

Tuanze na kazi. Pande za Lukole wilayani Ngara, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Burundi hadi mwaka 2008, nchi ni ya vilima na nyasi ndefu. Mwanamke wa huko hupanda mlima kutafuta kuni, huinama shambani tangu alfajiri, na siku ya soko hupanda pikipiki, mtoto mgongoni. Sketi humpanda mapajani, na upepo humwaibisha mbele za watu. Ndiyo maana twamwona amevaa suruali ya mtumba, akajifunga kitenge juu yake. Akifika shambani hukikunja kitenge akakitia kikapuni, akashika jembe. Je, huyu amemwiga nani? Ametumia akili kuilinda heshima yake, nayo ndiyo hao wanaomlaumu wanayodai kuitetea!

Na hiyo sketi ilitoka wapi? Bibi zetu wa Kagera walivaa magome ya miti na ngozi. Gauni na sketi zilikuja na misheni na shule zake. Lakini huko Unguja, katika karne ya 19, mabibi wa heshima walivaa suruali za marinda chini ya kanzu zao. Sayyida Salme, binti Sultani Said, aliyezaliwa mwaka 1844, ameyaeleza mavazi ya wanawake wa nyumba yao katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886. Ikiwa suruali ya mwanamke ni ya Mzungu, hao waliishonewa na nani?

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Suruali za kubana zilipigwa marufuku, ni kweli. Lakini mshtakiwa mkuu alikuwa nani? Sketi fupi! Basi hata wakali wa siku zile walitazama namna nguo inavyomkaa mtu.

Wakali wa leo wamewapita. Tarehe 1 Juni 2021 Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini mwa Bunge kwa ajili ya suruali yake, baada ya mbunge mwanamume kulalamika. Wabunge wanawake hawakunyamaza, nasi twawapongeza. Mbunge aliyetumwa na wananchi kusema habari za maji na barabara alisimamishwa apimwe mapaja.

Mwalimu amwitaye mhuni binti aliyevaa suruali siku ya kazi za shamba, twamwomba jambo moja tu: aende naye kuni Jumamosi moja, naye mwalimu avae sketi.