Lazima kwa Nani? Ugomvi Wangu na Orodha Zetu za Katuni

Mdogo wangu mmoja wa kazini, kijana anayejua katuni kuliko mimi ninavyojua njia ya kurudi kwetu, alinitumia kwenye WhatsApp orodha aliyoitengeneza mwenyewe: katuni 30 ambazo kila shabiki lazima azisome. Niliisoma yote nikiwa kwenye daladala. Watchmen ipo. Maus ipo. The Dark Knight Returns ipo, Persepolis ipo, na karibu nusu nzima ya pili ni manga za Kijapani. Orodha nzuri, sikatai. Mtu akizimaliza zote atakuwa amesoma vitu vya maana. Ila nilipofika namba 30 nilirudi juu nikaanza upya, nikidhani kuna mstari nimeuruka. Sikuruka. Hakuna hata moja iliyochorwa kati ya Mombasa na Kigoma. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwa lugha ambayo mimi na yeye tulikuwa tunaitumia kuijadili hiyo orodha.

Nikamuuliza, Sani je? Akajibu: "Kaka, hiyo si ya kina baba?"

Simlaumu. Tuanze na mimi. Ni mwandishi wa habari, nimeshika kurasa za burudani kwa miaka, na nimeandika kuhusu filamu za Marvel mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Black Panther ilipotoka mwaka 2018 niliiandikia makala tatu, ya tatu ikiwa inarudia ya kwanza. Kuhusu Philip Ndunguru sijawahi kuandika hata aya moja mpaka leo. Kwa hiyo kijana ameyatoa wapi? Ameyatoa kwetu sisi tuliokuwa tunamchagulia cha kusoma.

Sasa hebu niseme ninachotaka kusema, halafu mnaotaka kunirushia mawe mrushe. Neno "lazima" kwenye orodha hizi ni la uongo. Halijibu swali la lazima kwa nani. Mmarekani akitengeneza orodha ya lazima, anamwambia Mmarekani mwenzake kwamba hivi ndivyo vitabu vilivyotengeneza macho yetu. Anayo haki. Sisi tunaichukua ile orodha kama ilivyo, tunaongeza manga ili ionekane tumetembea, halafu tunamwambia mtoto wa Tandika kwamba hiki ndicho kilichotengeneza macho yake. Hapana. Macho yake, kama ni ya rika langu, yalitengenezwa kwa kinyozi, kwenye benchi, na jarida lisilo na jalada lililopita mikono mia kabla ya kumfikia.

Mimi Sani niliyakuta kwa mjomba. Yalikuwa ya miaka ya 1980, mimi nilikuwa darasa la tatu, na yeye alishayasoma mpaka karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Jina lenyewe lilitokana na waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: Sa na Ni. Na aliyewapa sura wale watu tuliowajua kama majirani, akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, ni huyo Ndunguru niliyemtaja, aliyefariki katikati ya miaka hiyo ya 1980 akiwa bado kijana kabisa. Baada yake mikono mingine iliendelea kuwachora. Fikiria hilo kidogo. Mchoraji anaondoka, wahusika wake wanabaki wanatembea mjini, na wasomaji hawakubali waache kutembea. Kwa Batman jambo kama hilo tunaliita urithi, na tunaliandikia vitabu. Kwa Lodi Lofa tunasema "ya kina baba".

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshaambiwa: tatizo ni ubora. Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons imepangwa kama saa, visanduku tisa kila ukurasa, kila kimoja kinajibu kingine. Utalinganishaje na karatasi ya magazeti yenye wino unaobaki vidoleni? Silinganishi, na wala sisemi Watchmen itolewe. Ibaki. Ninachosema ni kwamba kuna vitu ambavyo Watchmen haiwezi kukufundisha hata ukiisoma mara kumi, na kimoja ni jinsi Kiswahili kinavyoongea ndani ya kisanduku.

Nenda kaangalie kazi za vijana wetu wanaochora sasa. Wengi wana mkono, wengine wana mkono wa kutisha. Halafu mtu anaanguka kwenye ukurasa na pembeni pameandikwa CRASH. Mlango unafungwa, SLAM. Ngumi inatua, POW. Jamani! Hivi kuna lugha ngapi duniani zilizojaliwa tanakali za sauti kama hii yetu? Mtu wetu akianguka majini ni chubwi. Mchangani ni tifu. Kwenye matope ni tapwi, sakafuni ni pu. Kijiti kinakatika kacha, fundo linakazwa ndi, watu wananyamaza ji. Mwingereza ana neno la kishindo tu. Sisi tuna neno linalokuambia kishindo kimetokea juu ya nini, kabla hata mchoraji hajachora ardhi. Hii ni zana ya kazi, inafundishwa sekondari, tena inatungiwa mitihani, na mchoraji wetu hajui kama anayo kwa sababu katuni zote alizoambiwa ni za lazima hazina.

Tena nichukue hiyo hiyo Maus, ambayo kijana wangu ameiweka namba mbili na mimi ningeiweka hapo hapo. Art Spiegelman alikaa na baba yake na kinasa sauti, akamsikiliza anavyosimulia mauaji ya Wayahudi aliyoyaponea. Kitabu kikapewa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1992, na wengi wanakikumbuka kwa panya na paka. Lakini kinachokuchoma ukikisoma ni Kiingereza cha yule baba: cha mhamiaji, maneno yamekaa kombo, na mwanawe hakukinyoosha hata kidogo. Ukubwa wa kitabu kile umetoka kwenye sikio la mtoto kwa lafudhi ya nyumbani kwake. Halafu sisi tunakisoma, tunakisifu, tunafunga ukurasa, na kesho yake mhusika wetu wa Manzese anaongea kama filamu iliyotiwa tafsiri.

Kuna hoja nyingine ambayo siwezi kuikwepa, na aliyenitupia ni mke wangu. Aliyachungulia yale majarida ya mjomba, akafungua kurasa nne, akayarudisha mezani. "Wanawake wote humu ni makalio," alisema. Ni kweli, na si katika jarida hilo tu. Ni ugonjwa wa vibonzo vyetu vingi, wa zamani na wa leo. Mwanamke anaingia kwenye kisanduku ili atazamwe au agombeze. Sitawatetea kwa kusema ndivyo zama zilivyokuwa. Ila ugonjwa huo unatibiwa kwa kusoma na kusema, siyo kwa kutosoma. Ule wa Frank Miller tunaujua kwa sababu Miller anasomwa na kukosolewa kila mwaka. Wetu unahama kizazi hadi kizazi kimya kimya kwa sababu hakuna anayeufungulia faili.

Basi, orodha yangu. Siyo 30, maana sitaki kujifanya.

Anza na Juha Kalulu ya Edward Gitau, Mkenya aliyeanza kumchora huyu jamaa miaka ya 1950 na kuendelea naye kwa miongo, wengi wakimjua kupitia Taifa Leo. Jina tu linatosha kumkalisha mtu chini. Juha ni yule mjinga wa hadithi zilizokuja pwani na Waarabu. Kalulu ni sungura, kwa lugha za Wachewa na Wabemba huko kusini. Yaani mjinga na mjanja wamefungwa kwenye mwili mmoja, bahari na bara kwenye jina moja. Ukiniambia huyo hana uzito wa kuwekwa karibu na Tintin, nitakuomba unieleze Tintin maana yake nini.

Sani za Ndunguru nimeshazisema. Fuatisha Kingo ya James Gayo na Kipanya wa Ali Masoud, usome vyote kwa kasi ya gazeti, kimoja kwa siku na chai, kwa sababu ndivyo vilivyokusudiwa kusomwa. Gado naye, aliyezaliwa Dar es Salaam na akajulikana Nairobi, lakini huyo ana watetezi wa kutosha.

Shujaaz ya Kenya wengi wataipinga, watasema ni mradi wa kuelimisha vijana na si sanaa. Mimi naiweka. Ilianza mwaka 2010, ikasambazwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, ikaandikwa kwa Sheng bila kuomba radhi, na mwaka 2012 ikachukua tuzo ya kimataifa ya Emmy. DJ B, kijana anayerusha redio ya siri kutoka chumbani kwake, alisomwa na watoto ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu. Ndiyo, kuna kurasa unaona kabisa kwamba sasa tunafundishwa kilimo. Vumilia. Kwenye Tintin pia kuna kurasa unafundishwa mambo, na mabaya zaidi, hasa ile safari yake ya Kongo.

Nikitaja Kongo nafika kwenye kitabu kinachonikosesha usingizi: Madame Livingstone, kilichotoka mwaka 2014, kimechorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, hadithi akiiandika pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia, Ziwa Tanganyika. Ofisa wa Kibelgiji ametumwa aizamishe meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni Mwafrika mmoja anayevaa sketi ya Kiskoti, watu wanamwita Bi Livingstone. Ile meli ni ipi? Ni Liemba! Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma kwenye maboksi. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Bibi zetu wameipanda wakiwa na magunia ya dagaa. Hadithi ya ziwa letu, ya meli yetu, imechorwa na mtu wa nchi jirani kwa rangi za maji ambazo unaweza kunusa mvua ndani yake. Imetoka kwa Kifaransa, baadaye kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijawahi kuiona. Wachapishaji wetu, ambao kila tukikutana wananiambia soko la katuni halipo, mmejaribu kuuza hiki Kigoma na Ujiji mkakosa wanunuzi, au mnaongea tu?

Mwishoni weka Deogratias ya Jean-Philippe Stassen, kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, lakini usiisome usiku. Halafu Aya wa Yopougon, wa Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, ili ukumbuke kwamba wasichana wa mtaa wanaweza kupiga soga kurasa mia na hakuna anayekufa.

Sasa aibu. Nusu ya orodha hii huwezi kuipata. Maus utaiagiza, itafika. Watchmen utaipakua, kihalali au vinginevyo, nakujua. Ukitaka Sani za mwaka 1985 utaenda wapi? Nilikwenda kwenye maktaba moja kubwa, sitaitaja. Dada wa mapokezi aliniuliza kama ninatafuta vitabu vya watoto. Nilipomweleza akaenda nyuma, akarudi baada ya dakika 20, akaniambia kwa upole kwamba magazeti ya aina hiyo hayakuwa yanatunzwa. Aina hiyo! Yale yaliyosomwa na kila mtu ndiyo hayakutunzwa, kwa sababu yalisomwa na kila mtu. Na sisi mashabiki tunaojiita mashabiki, tunaokusanya vinyago vya Spider-Man na kuvipanga kwenye rafu, ni nani kati yetu amewahi kukaa na skana wikiendi moja?

Ninachotaka si kikubwa. Mchapishaji mmoja, atafute wenye haki, awalipe, atoe juzuu moja la Ndunguru na moja la Gitau. Juzuu la karatasi nzuri, lenye tarehe, lenye jina la mchoraji kwenye mgongo wa kitabu. Kabla ya hapo kila orodha ya lazima tunayoiandika, hii yangu ikiwemo, ni kumwambia mtu akanunue kitu ambacho hatujakiweka dukani.

Kwa sasa nina nakala 11 kwenye boksi la viatu, urithi wa mjomba. Mbili hazina majalada. Moja imekatwa ukurasa mzima wa Madenge kwa mkasi, na aliyekata ni mimi, nilitaka kuubandika ukutani. Wiki iliyopita nilimwazima yule kijana boksi zima. Alizimaliza kwa siku mbili, saa za chakula cha mchana, anacheka peke yake mpaka mhariri akauliza kuna nini. Aliporudisha alikuwa ameishika ile ya 11 mkononi, amefungua ukurasa wa mwisho, ambapo chini pameandikwa "itaendelea". Akaniuliza iliendeleaje. Nilimpigia mjomba, naye amesahau.