Moyo Nao Huwaza: Kosa Langu juu ya Pascal

Kosa la mwalimu huweza kuishi kuliko mwalimu mwenyewe. Langu nalikiri leo.

Miaka mingi iliyopita, mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliniuliza iwapo mtu mwenye imani anaruhusiwa kuhoji. Nilimjibu kwa jina la Blaise Pascal: kwamba Mfaransa huyo aliutukuza moyo juu ya akili, hivyo imani ni hisia tu, na maswali yakome. Kijana akaketi kimya. Ukweli ni kwamba kitabu sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimesikia msemo wake mmoja tu.

Nilipostaafu ndipo nilipokisoma Pensées, yaani Mawazo. Kilichapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya Pascal kufariki akiwa na umri wa miaka 39. Ni vipande vya maandishi alivyokuwa akiandaa ili kuitetea dini ya Kikristo. Mwandishi wake hakuwa adui wa akili hata kidogo. Alibuni mashine ya kukokotoa hesabu angali kijana, na barua alizoandikiana na Pierre de Fermat mwaka 1654 zilisaidia kuweka misingi ya hisabati ya uwezekano.

Nilipotoka wapi? Katika neno moja: moyo. Nililichukua kwa maana ya mapenzi na huruma. Kwa Pascal, moyo ndio unaotujulisha pia kwamba nafasi ina vipimo vitatu na kwamba namba hazina kikomo. Mambo hayo hayathibitishwi kwa hoja, kwani hoja zenyewe huanzia hapo. Isitoshe, Kifaransa hulitumia neno raison kwa akili na kwa sababu pia, na Pascal aliuchezea uwili huo. Kiswahili kina maneno mawili. Tafsiri ikiupoteza mchezo huo, hubaki kama ugomvi wa moyo na akili. Kumbe yeye alionya dhidi ya makosa mawili: kuifukuza akili, na kutokubali kingine ila akili.

Wapo wanaopendekeza tuliache neno moyo katika tafsiri ya falsafa. Mimi sikubali. Je, hatusemi “niliwaza moyoni”, “alijisemea moyoni”? Wazee wetu waliketisha fikra na hisia katika nyumba moja. Sisi walimu ndio tuliojenga ukuta katikati, kisha tukamsingizia Pascal. Neno lipo, na linatosha; lililobaki ni kulirudishia upana wake.

Kwa kijana yule, ambaye sasa huenda ana mvi kama zangu: kuuliza si ujinga, wala si ukosefu wa imani. Jibu nililokupa lilikuwa la mtu asiyesoma. Uniwie radhi, na uendelee kuuliza.