Mtwapa inapanda juu, mwenyeji amepona?

Ukivuka daraja la Mtwapa ukitokea Mombasa, kitu cha kwanza kukupokea siku hizi ni ghorofa. Nilipokuwa kijana, ukitoka barabarani hatua chache tu ulikuwa umeshaingia kwenye minazi na miembe. Leo huko ndani ni nyumba za kupangisha, na kando ya lami ni maduka, benki na vituo vya mafuta. Sensa ya 2009 ilihesabu hapa watu wasiofika elfu 50. Ya 2019 ikapata zaidi ya elfu 90.

Sababu zake tunazijua. Kodi za Nyali zimewashinda wengi, na mfanyakazi wa hoteli za Shanzu na Bamburi anaona afadhali apande matatu kutoka huku. Juu ya hayo kuna upanuzi wa barabara ya Mombasa–Mtwapa–Kilifi, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Umoja wa Ulaya. Barabara ikitajwa tu, ploti hupanda bei kabla hata lami haijamwagwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, karibuni sana. Lakini mwenyeji amepona?

Kuna mzee mmoja tunaswali naye msikiti mmoja. Aliuza shamba la babake kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa, kwa kuwa hati hakuwa nayo. Pesa zilitosha kumwoza binti, kununua pikipiki na kuezeka nyumba ya nduguye. Pikipiki imeshachakaa. Pale palipokuwa na minazi yake sasa pana ghorofa nne, na wanawe wawili walibeba zege kuijenga. Mmoja wao amepanga chumba mtaa wa pili.

Watu wepesi wa kulaumu watasema mzee alikuwa mjinga. Mimi nasema tuangalie hesabu. Ardhi isiyo na hati huuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi anajua hatari anayoibeba. Mwenye hati huenda benki akakopa, akajenga, akala kodi kila mwezi. Asiye nayo ana njia moja tu ya kupata pesa kwenye ardhi yake, nayo ni kuiuza.

Na hati hazikukosekana kwa uzembe. Mkoloni alipotunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani alitakiwa apeleke madai yake yaandikwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na kaya, hawakuandikwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, vitabu vya ardhi vilibaki vile vile. Ndiyo maana mpaka leo mtu anaitwa skwota mahali alipozikwa babu yake.

Sasa tufanyeje? Kwa serikali ya kitaifa na ya kaunti nina ombi moja: upimaji wa ardhi na utoaji wa hati uende mbele ya tingatinga. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu wanaokaa kwa nia njema bila hati walipwe fidia ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Hilo lisibaki kwenye karatasi tu.

Kwa familia ambazo bado zina ardhi yenye hati, nasema msikimbilie kuuza yote. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila nyumba ndani ya ghorofa iwe na hati yake. Kwa hivyo mnaweza kuingia ubia na mjenzi: nyinyi mtoe ardhi, yeye atoe pesa, na malipo yenu yawe nyumba kadhaa kwa majina yenu. Mkataba huo uandikwe na wakili wenu, msikubali wakili wa mjenzi pekee.

Na kama ni lazima kuuza, mke na watoto wajue kwanza, mabinti wakiwemo, maana mirathi ina haki zao. Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, ombi la idhini lifike kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi 6 tangu mapatano, la sivyo mauzo ni batili.

Yule mzee sikumsikia akilaumu mtu. Aliniambia tu kwamba akipita pale jioni huangalia juu, taa zikiwaka madirishani, akajaribu kukumbuka mnazi upi ulikuwa wapi. Walio na mnazi bado umesimama, tafadhalini, kaeni kitako na wenenu kabla broka hajabisha hodi.